Bibi hasemi "washa taa": jibu kwa dada anayemtunza mzee wa Kiyahudi

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, kwetu Musoma, sasa naishi London kaskazini. Tangu mwaka jana namtunza bibi wa Kiyahudi wa miaka 86, nalala hapohapo kwake. Ni mtu mwema sana, na nyumba yao inashika dini hasa. Shida yangu ni Sabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama kila kitu kinasimama. Usiku bibi anakaa gizani, haniambii nimwashie taa, anasema tu, 'Humu ndani kuna giza.' Nikimuuliza, 'Niwashe?' ananyamaza au anageuza mazungumzo. Namwonea huruma, na siku nyingine naona kama ananitega. Binti yake aliniambia siku ya kwanza kwamba Sabato simu haishikwi nyumba hii. Mwezi uliopita bibi alishikwa na kizunguzungu Jumamosi asubuhi, nikaogopa kupiga simu, nikamlaza tu mpaka akatulia. Mpaka leo nikikumbuka natetemeka. Halafu mimi mwenyewe ni Msabato, nimelelewa hivyo tangu utoto. Je, navunja Sabato yangu ili yeye aishike yake? Na kuna jingine sijamwambia mtu: nilichemsha chai yangu ya maziwa kwenye sufuria yenye alama nyekundu, ya nyama. Nikaiosha vizuri nikairudisha kabatini. Pasaka yao nayo inakaribia, nimeambiwa nisiwe na mkate ndani. Unga wangu wa ugali je? Naogopa kuwauliza wenyewe wasije wakadhani siijui kazi."

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mengi kwa barua moja, na yote ni ya maana, lakini uzito wake haulingani. Taa inaweza kusubiri. Sufuria inaweza kusubiri. Kizunguzungu hakisubiri. Kwa hiyo naanza na simu, na nakuomba sehemu hiyo uisome hata ukiziacha nyingine zote.

Sheria ya Kiyahudi haimkatazi mtu kupiga simu ya kuokoa maisha siku ya Sabato. Inamwamuru apige. Wala hayo si maneno ya Wayahudi wa leo waliolegeza kamba. Yamo katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200: hata shaka tu kwamba mtu anaweza kufa inaiweka Sabato kando. Huhitaji hakika. Shaka inatosha. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ikaeleza sababu kwa namna ninayoipenda sana: mvunjie mgonjwa Sabato moja ili apate kuzishika Sabato nyingi. Na ile aya ya Mambo ya Walawi 18:5, kwamba mtu azitende amri na kuishi kwazo, marabi waliisoma kwa mkazo: aishi kwazo, asife kwazo. Yosef Karo aliandika Shulchan Aruch, kitabu cha sheria kilichochapwa Venice mwaka 1565 ambacho nyumba kama ya bibi yako hukifuata mpaka leo. Humo anasema kwamba katika hatari ya kifo anayefanya haraka ndiye wa kusifiwa, na anayesimama kuulizauliza kwanza ni kama mwenye kumwaga damu. Wanasheria walibishana ni nani hasa abonyeze, Myahudi mwenyewe au mtu mwingine aliye karibu. Hakuna aliyesema mgonjwa angoje.

Sasa binti alimaanisha nini? Naamini alimaanisha simu za kila siku, za kupiga soga na kuulizana hali. Katika nyumba inayoshika Sabato maneno hayo hueleweka yenyewe, hakuna anayefikiri kuongeza "isipokuwa mtu akianguka," kwa sababu kwao hilo halina mjadala tangu utoto. Wewe hukulelewa humo, ukayachukua yalivyosemwa. Kosa si lako. Ila kuanzia leo usiwe na shaka: akishikwa na maumivu ya kifua, uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, maneno yakikokota, akianguka na kugonga kichwa, akizimia, akishindwa kupumua, au kizunguzungu kile kikirudi, piga 999, namba ya dharura ya huko, papo hapo. Usimwombe bibi ruhusa. Usitafute mtu wa kukuidhinisha. Kama anavaa kile kitufe cha dharura shingoni, kivaliwe Sabato kama siku nyingine, na akibonyeze mwenyewe akihitaji. Huko London kaskazini kuna pia watu wa kujitolea wa huduma ya dharura kwa wagonjwa wanaoitwa Hatzola, Wayahudi washika dini wenyewe, na Jumamosi utawaona wanaendesha gari kumkimbilia mgonjwa. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo wa jinsi sheria yao inavyosema.

Kuna jambo dogo la kupanga mapema. Ukishapiga 999 utataka kumwarifu binti, na simu yake itakuwa imezimwa. Familia nyingine huacha simu moja wazi kwa ajili hiyo tu, nyingine hukubaliana ukagonge mlango wa jirani au utume mtu. Muulize binti anataka ipi. Na kile kizunguzungu cha mwezi uliopita mweleze wiki hii hii, naye amweleze daktari. Katika umri wa miaka 86 jambo kama hilo daktari anapaswa kulijua hata kama lilipita.

Dawa nazo usiziruke. Utasikia kwamba marabi waliwahi kukataza dawa siku ya Sabato, na ni kweli kwa mtu mzima wa afya mwenye kiungulia kidogo au kichwa kinachogonga kwa mbali. Zamani dawa zilitwangwa nyumbani, na kutwanga ni kazi iliyokatazwa, wakahofia mtu atasahau akatwanga. Katazo hilo halimgusi mgonjwa hasa, na vidonge vya shinikizo la damu, vya moyo au vya kisukari havikosi kunywewa kwa ajili ya siku. Kidonge kinachohitaji kupondwa unaweza kukiponda Ijumaa mchana ili usiwe na la kufikiria. Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, mfungo wao mkubwa, mgonjwa halazimiki kufunga kwa kuhatarisha uhai wake. Hapo lakini daktari na rabi huulizwa kabla, wewe usibebe uamuzi huo peke yako.

Bado niko kwa mgonjwa, maana kuna hali ya katikati ambayo wengi hawaijui, hata baadhi ya familia. Mtu anaweza kuwa mgonjwa bila kuwa hatarini: amelala kitandani, au mwili mzima umedhoofu. Kwa mtu kama huyo Shulchan Aruch inaruhusu asiye Myahudi aambiwe waziwazi afanye linalohitajika, hata kupika. Si kwa mafumbo, kwa mdomo kabisa. Na baridi kali imepewa nafasi yake: marabi walisema kwamba mbele ya baridi watu wote wanahesabiwa wagonjwa, kwa hiyo kuambiwa uwashe moto wa kupasha nyumba wakati wa baridi kali ni halali. Bibi wa miaka 86 akitetemeka Januari hita ikiwa imezima, familia haina sababu ya kuzungukazunguka. Je, bibi yako anahesabiwa mgonjwa wa namna hii siku zote, au siku zile tu anapojisikia vibaya? Hapo mimi siwezi kuamua kutoka mbali. Rabi wao anayemjua anaweza, na jibu lake litakupunguzia nusu ya mahangaiko yako. Waombe wamuulize.

Haya, taa. Bibi hakutegi. Anajaribu kutembea kwenye njia nyembamba, na ukiiona njia yenyewe utamwelewa.

Torati inakataza kuwasha moto Sabato, na Mishna inahesabu aina 39 za kazi zilizokatazwa. Kuwasha taa ya umeme nako wanakukataza. Watu wengi wa nje wanadhani kwamba Myahudi hana shida, atamwambia tu jirani amfanyie. Ndivyo hata wewe ulivyotegemea, naona. Lakini marabi waliliziba tundu hilo zamani sana: anachokatazwa kukifanya kwa mkono wake, asimtume mwingine akifanye kwa niaba yake. Wangeruhusu kutuma, Sabato ingebaki jina tu kwa kila mwenye uwezo wa kuajiri, na ingekuwa siku ya tajiri kupumzika huku mtumishi akikimbia. Tena hawakuishia kwenye kutuma. Hata ukifanya mwenyewe bila kuambiwa, ikiwa umefanya kwa ajili yake, asinufaike nacho.

Ndiyo maana ukimuuliza "Niwashe?" ananyamaza. Akisema "ndiyo," amekutuma. Kwa swali lako la huruma umemweka mahali ambapo hana jibu.

Lakini Mishna inaendelea, na hapo ndipo mlango wenu ulipo. Inasema kwamba asiye Myahudi akiwasha taa kwa matumizi yake mwenyewe, Myahudi anaweza kutumia mwanga wake. Akiwasha kwa ajili ya Myahudi, hapana. Inasimuliwa humo humo kwamba Rabban Gamliel, kiongozi wa marabi wa zamani, na wazee walikuwa wanafika kwa meli siku ya Sabato. Mtu mmoja asiye Myahudi akatengeneza daraja la kushukia, na Rabban Gamliel na wazee wakashuka kwalo. Mtu yule alihitaji kushuka mwenyewe, na daraja likishakuwapo halina mwenyewe.

Kwa hiyo lile giza la sebuleni lina swali moja tu: taa inawashwa kwa ajili ya nani? Unaishi humo. Unatembea humo usiku, unaokota vyombo, unasoma kitabu chako, unaangalia usijikwae kwenye zulia. Ukihitaji mwanga, washa kwa haja yako, bila kumuuliza na bila kumwambia "bibi, nimekuwashia." Mwanga ni wako, naye yumo ndani yake. Wala si ujanja wa maneno. Sheria inaangalia haja ya kweli ya mtu aliyewasha, ndiyo sababu usifanye maigizo ya kuingia chumbani kwake, kuwasha na kutoka. Usiizime tena kwa kudhani unamfurahisha, maana kuzima nako ni kazi iliyokatazwa, na swali lile lile linarudi.

Na anaposema "humu ndani kuna giza"? Wengi wanaruhusu Myahudi aeleze hali ilivyo bila kuagiza, msikilizaji akaelewa mwenyewe, ingawa mipaka yake ina ubishi mrefu na familia hutofautiana. Bibi yako anafanya hivyo. Ukimsikia, jiulize kama wewe pia unahitaji mwanga pale. Mara nyingi jibu litakuwa ndiyo, maana huwezi kumhudumia mzee gizani.

Usidhani lakini kwamba yanayofaa kwa taa yanafaa kwa chai. Hapa watu wanakosea sana. Talmudi inatofautisha: taa ya mtu mmoja ni taa ya watu mia, huhitaji kuongeza kitu ili na bibi aone. Maji ya moto yanaongezwa. Ukichemsha birika la kwako na unamjua bibi, kuna hofu kwamba utaongeza kikombe kimoja cha kwake, na hicho kimechemshwa kwa ajili yake. Basi chai yake ya Sabato itoke kwenye lile chombo kubwa la maji ya moto lililowashwa kabla ya jua la Ijumaa kuzama, na chakula chake kwenye lile bamba la moto linalokaa limewaka. Akiwa mgonjwa kwa maana niliyoieleza juu, habari ni nyingine. Ijumaa mchana pitia nyumba pamoja na binti: taa ya chooni ibaki inawaka usiku kucha, ya sebuleni ifungwe kwenye swichi ya saa ili ijizime na kujiwasha, balbu ya friji ilegezwe, karatasi za chooni zikatwe vipande mapema, betri za vifaa vya masikio ziwe mpya. Robo saa ya Ijumaa inaokoa mashaka ya siku nzima.

Swali la Sabato yako ndilo nimelifikiria zaidi, na nitalijibu kwa uangalifu kwa sababu nusu yake si ya kwangu kujibu.

Nusu ya kwanza ni ya kwangu. Kwa mtazamo wa sheria ya Kiyahudi, hizo kazi 39 hazikufungi. Sabato kwao ni agano kati ya Mungu na Israeli, na mtu wa nje hadaiwi kitu akiwasha jiko Jumamosi. Hakuna rabi atakayekuambia umetenda dhambi kwa kuwasha taa. Kwa hiyo ule mzigo kwamba labda unamfanyia bibi dhambi ili yeye abaki safi, uutue. Ukifanya wanayoyaona halali, hakuna dhambi inayohama kutoka kwake kuja kwako.

Nusu ya pili ni ya dhamiri yako na kanisa lako. Najua Wasabato hushika machweo hadi machweo, na najua kumhudumia mgonjwa na kufanya kazi ya kujipatia riziki hamvihesabu sawa. Mpaka uko wapi kati ya kumgeuza mzee kitandani na kupiga pasi nguo za wiki? Mchungaji wako ndiye wa kumuuliza, na umuulize kwa kumwelezea kazi moja moja, si kwa jumla. Ninachoweza kukuambia ni kwamba amri yenyewe, katika Kutoka 20:10, inataja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama, na mgeni aliye ndani ya malango. Wanasheria wa Kiyahudi wamejadili sana huyo mgeni ni nani, na hawasemi ni kila mtu anayeajiriwa. Lakini nyumba inayoisoma aya hiyo kila mwaka haitashangaa ukiwaambia kwamba wewe nawe unaiheshimu siku hiyo. Huenda hawajui kabisa. Waambie. Omba kazi za siku hiyo ziwe za mwili wa bibi tu: kula, dawa, kuoga, pampasi, kutembea naye. Usafi mkubwa na kufua vipangwe Jumapili. Na kama moyo wako unataka kwenda kanisani, omba Jumamosi moja moja ashike mtu mwingine. Mkataba wa kazi huzungumzwa, hasa na watu ambao kwao kushika siku si jambo la ajabu.

Mtagongana kidogo kwenye saa. Sabato yako huisha jua likizama, yao hungoja nyota tatu zionekane. London mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni na tofauti yenu haizidi sana saa moja, lakini Juni jua huzama saa tatu usiku imepita na nyota zinachelewa zaidi. Usije ukaanza kuosha vyombo vyake kwa furaha kwamba siku imekwisha, kwake bado. Ijumaa nao huanza mapema, kwa mishumaa inayowashwa mara nyingi dakika 18 hivi kabla ya machweo.

Tuje kwenye sufuria. Nimeona aibu uliyoandika nayo, na ningependa ikutoke. Kosa lako linaeleweka kabisa: sisi chai ya maziwa tunaichemsha kwenye sufuria, wao wanatia maziwa kikombeni. Aliyekufundisha jiko lile hakufikiria kwamba chai inaweza kugusa sufuria ya nyama.

Katazo la nyama na maziwa limesemwa mara tatu katika Torati, na marabi walilijengea ukuta mpana. Wayahudi wengi husubiri saa 6 baada ya nyama kabla ya kugusa maziwa, wenye asili ya Ujerumani saa 3, Waholanzi hata saa 1. Kuhusu vyombo, msingi ni huu: chombo kikipikiwa kitu cha moto, hunywa ladha ya kitu hicho ndani ya kuta zake, na moto wa safari ijayo huitoa. Kama chungu cha nyumbani kilichopikiwa samaki, unaweza kukisugua mpaka king'ae na uji wa kesho bado ukakumbuka. Kwa hiyo kuosha, ingawa uliosha vizuri, hakutatui jambo wanaloliangalia wao.

Lakini haina maana kwamba umeharibu jiko. Kuna mambo ya kuangalia. Kama nyama ya mwisho ilipikwa humo zaidi ya saa 24 kabla ya chai yako, ladha iliyobaki ukutani inahesabiwa imechacha, na hukumu inakuwa nyepesi. Kama sufuria ni ya chuma, inaweza kurudishwa: huachwa bila kutumika siku nzima, kisha inatumbukizwa katika maji yanayochemka. Ya udongo au kauri, hapo ndipo pagumu. Kama tangu siku hiyo wamepikia nyama, itaangaliwa ilikuwa baada ya muda gani. Maziwa yakidondoka bahati mbaya kwenye mchuzi mwingi wa nyama, kuna kipimo cha moja kwa sitini: mchuzi ukiwa mara 60 ya tone, mara nyingi tone linapotea na chakula kinaliwa. Umeona? Sheria yao imeketi ikawaza juu ya ajali, kwa sababu ajali hutokea majikoni mwao pia, kila wiki, na marabi hupigiwa simu sana juu ya vijiko na sufuria.

Kinachowaumiza ni kitu kufichwa, maana hapo wanakula wasichokijua. Mwambie binti: siku fulani nilichemsha maziwa kwenye sufuria hii, sikujua kwamba chai nayo inahesabiwa, nikaiosha na sabuni, nyama ya mwisho ilikuwa siku fulani. Taarifa hizo ndizo rabi atakazouliza. Kuanzia sasa likitokea tena, zima moto, usioshe, usitupe, weka pembeni, andika saa, ita mtu. Na omba sufuria yako mwenyewe ya chai, yenye rangi yake, na dodoki lake. Hawatakataa.

Huenda umeona pia kwamba binti huwasha jiko mwenyewe kabla ya kuondoka, nawe ndio unapika. Watumishi wengi huumia wakidhani wanaonekana wachafu. Si usafi. Marabi walizuia chakula kilichopikwa na asiye Myahudi peke yake hasa kwa hofu kwamba kula pamoja kunazaa undugu, na undugu unazaa ndoa. Sikupambii: ni ukuta wa kujitenga, na waliujenga makusudi ili wabaki taifa. Wayahudi wenye asili ya Ulaya mashariki, wakimfuata Moshe Isserles wa Kraków, rabi na mwanasheria wa karne ya 16, hutosheka Myahudi akiwasha moto tu. Wenye asili ya Hispania na nchi za Kiarabu hutaka aweke na sufuria yenyewe motoni. Ukijua bibi yako ni wa upande gani, utajua usiguse nini. Hivyo hivyo divai, na hata maji ya zabibu: usiwamiminie mpaka uambiwe chupa hiyo haina shida.

Pasaka kwa ufupi. Kinachokatazwa ni ngano, shayiri, oti, rai na ngano ya kale iitwayo speliti, vikishagusana na maji na kukaa. Basi mkate, chapati, maandazi, biskuti, tambi na bia vyote nje, siku 8 huko Uingereza. Wao hawaruhusiwi hata kuvimiliki. Unga wa mahindi haumo katika vitu hivyo. Wayahudi wa Ulaya mashariki wana desturi ya karne nyingi ya kutokula mchele, maharage wala mahindi wakati huo, lakini hawakatazwi kuwa navyo ndani ya nyumba. Ugali wako haumfukuzi mtu. Ila usisonge kwenye sufuria zao za Pasaka, ambazo hutolewa mara moja kwa mwaka, wala usitumie mwiko wao, na pakiti iwe mpya, haijawahi kukaa karibu na unga wa ngano. Muulize binti kwanza. Kuhusu chapati zako mwenyewe, sheria ina nafasi kwa chakula cha asiye Myahudi kilichotengwa vizuri ndani ya nyumba, lakini jikoni penye mzee anayesahau mambo ningekushauri usile ndani siku hizo, na uwaombe posho ya kula nje.

Umesema unaogopa wadhani huijui kazi. Dada, kazi unaijua. Usichokijua ni sheria ya dini isiyo yako, na hata watoto wao wanaisoma kwa miaka. Omba kikao Jumatatu au Jumatano jioni, usingoje Ijumaa ambapo kila mtu anakimbia. Anza na kizunguzungu na simu, kisha sufuria, kisha Sabato yako. Waombe wamuulize rabi wao kama bibi anahesabiwa mgonjwa Sabato zote, na kama wewe unaweza kumpigia rabi huyo moja kwa moja. Marabi wengi watakubali. Majibu wakuandikie. Na namba ya daktari, ya jirani wa kugongewa mlango, na ya Hatzola ziwe kwenye karatasi moja mlangoni mwa friji, chini ya 999 iliyoandikwa kubwa, kabla ya Ijumaa hii.